Tamko la Kampuni ya Tisa

4 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Baba hawezi tena kusoma.

Si kwamba amesahau herufi. Macho yake yametoboka katikati, ndivyo anavyosema mwenyewe. Anauona ukingo wa karatasi, anaviona vidole vyangu vilivyoishika, lakini pale penye maneno anaona kitu kama moshi. Barabara anavuka, ngazi anapanda, na mtu anamjua kwa sauti kabla hajamkaribia, kwa hiyo hakuna aliyemshtukia. Mimi nilimshtukia mwaka jana aliponipa gazeti nimsomee, eti nijizoeze kutamka. Lilikuwa la wiki mbili nyuma.

Tangu hapo mimi ndiye macho yake. Kila Jumamosi asubuhi, Mama akishaenda kufundisha masomo ya ziada, Baba huleta mkoba wa mafaili, tunajifungia chumba cha nyuma, mimi nasoma na yeye anasikiliza. Akishasikia mara moja hasahau. Kisha anatamka, mimi napiga chapa kwenye kompyuta ya Mama. Ofisini kwao, kwenye idara ya sheria ya jiji, bado wanamwita Bwana Mkato, kwa sababu zamani alikuwa akirudisha mkataba mzima kwa kukosa mkato mmoja. Wanamsifu kwamba hapitishi karatasi mpaka alale nayo nyumbani. Laiti wangejua.

Mambo yenyewe ya mikataba nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Unisamehe, ni marefu na yanachosha.

Jiji lina wanasheria wake wanne tu, na kesi ni mamia. Kwa hiyo hukodi kampuni za mawakili za nje, na kila baada ya miaka mitatu madiwani hukaa kuamua kama mikataba yao ihuishwe. Kampuni ziko kumi na moja. Kila moja huleta bahasha yenye taarifa ya kesi ilizosimamia, viwango vya ada, na tamko kwamba haina mteja mwenye kesi dhidi ya jiji. Baba huzipitia zote, huandika ukurasa mmoja kwa kila kampuni, na chini yake huweka maneno haya: "Tamko limesomwa. Hakuna pingamizi." Madiwani hawafungui bahasha. Wanamwamini yeye.

Mwaka huu tulizipitia kwa Jumamosi mbili. Matamko matano ya kwanza yalikuwa sawasawa neno kwa neno, kama matofali ya kalibu moja. Kwenye la sita Baba akauliza kama ni lile lile. Nikatupa jicho, nikasema lile lile. La saba lile lile, la nane lile lile. Nilipofika kampuni ya tisa, ile yenye ofisi juu ya duka la miwani, sikutupa hata jicho. Riwaya yangu nilikuwa nimeiacha pabaya, ukurasa wa mia na sabini, mtu ananing'inia dirishani. Nikasema lile lile.

Jumapili, nikipanga karatasi zirudi ofisini, niliona tamko la kampuni ya tisa lina kurasa mbili. Ukurasa wa pili unasema kwamba tangu Machi wamempokea mteja anayedai kiwanja cha zahanati ya mtaa wa reli, na kwamba wanaliachia jiji liamue kama bado linawataka. Wao walisema kweli. Lakini faili la jiji la kiwanja hicho hicho liko kwao tangu mkataba uliopita. Wakihuishiwa bila mtu kujua, ofisi moja itashika karatasi za pande zote mbili. Na taarifa imeshaondoka na maneno yale chini yake: Tamko limesomwa.

Ndiyo hayo. Shangazi, ningekupigia simu, ila mimi nikishika simu maneno hunikauka, na Baba huwa hapo hapo sebuleni. Wewe ulisahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na sita, unajua mambo ya karatasi. Hata barua zangu ulikuwa ukinirudishia zimepigwa kalamu nyekundu. Ni mwaka wa pili sasa hunirudishii, nadhani nimehitimu. Basi nisaidie. Niseme au ninyamaze?

Mchwa wako, bado nakula vitabu


11 Juni

Mchwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea, na nimekaa nayo siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu imenigusa mahali pa zamani.

Macho hayo nayajua. Ni ya kwetu. Babu yako, baba yetu, alikuwa fundi cherehani, na miaka ile ya mwisho sisi watoto ndio tuliokuwa tukimtilia uzi kwenye sindano. Alipima kwa vidole, akakata kwa mazoea. Siku moja alimshonea bwana harusi suruali, mguu mmoja mweusi, mwingine bluu nzito. Mpaka leo mimi na baba yako tukikutana, mmoja akisema tu "mguu wa bluu," tunacheka mpaka mbavu ziume.

Unaniuliza useme au unyamaze. Nyamaza kwa sasa. Siri ya mtu ni kama nguo yake, humvui hadharani. Mwenyewe ataivua akiwa tayari. Wewe endelea kumsomea Jumamosi zako. Kazi hiyo ina baraka, na mtoto anayeifanya bila kutangaza ana moyo mkubwa kuliko umri wake. Wala usijione mkosaji. Huna kosa lolote.

Mgongo wangu bado unasumbua, lakini natembea. Mwambie baba yako namsalimu, na umwangalie usoni ukimwambia.

Shangazi yako


15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Pale uliposema sina kosa lolote nilisimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi kusoma tena ili nihakikishe. Sikutegemea. Nilidhani utanigombeza kwa kalamu nyekundu.

Kwa kuwa umesema ninyamaze kuhusu ukurasa wa pili, nimenyamaza. Taarifa imeshatiwa sahihi. Baba alinihadithia kwa furaha jinsi katibu muhtasi alivyomwekea karatasi mezani, naye akatafuta ukingo kwa kidole gumba, akahesabu vidole vitatu kutoka chini, akatia sahihi bila kuinama. Baraza linakaa Ijumaa tarehe 27. Anasema jambo hili halichukui hata dakika tano. Mwenyekiti husoma kichwa cha habari, madiwani husema ndiyo, nyundo inagonga.

Juzi nilipita zahanati ya mtaa wa reli, ingawa si njia yangu. Kuna benchi moja refu la mbao, na watu wakijaa wanasogea kwa makalio bila kuinuka, kila mtu anachukua joto la aliyemtangulia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akaniambia nisogee basi, nisiwakatie watu hewa.

Naendelea kunyamaza kama ulivyosema. Lakini Shangazi, wewe uliyekuwa ukiona herufi moja iliyopinduka kwenye kitabu kizima, unaonaje ukurasa mzima ukiachwa? Sikuulizi tena kama niseme. Nauliza tu unajisikiaje.

Mchwa


21 Juni

Mchwa,

Ukurasa gani wa pili?

Nimeipokea barua yako jana, na nilipofika hapo niliomba nisomewe mara ya pili. Ndiyo, nimesema nisomewe. Mwandiko huu si wangu. Ni wa binti wa fundi baiskeli, jirani yangu, yuko kidato kimoja na wewe. Ndiye anayenisomea na kuniandikia huu mwaka wa pili. Kiwandani sikuacha kwa ajili ya mgongo. Niliacha kwa sababu nilizipitisha kurasa kumi na sita za kitabu cha hesabu cha shule nikiwa sizioni. Macho yangu yalitangulia ya baba yako.

Barua yako ya kwanza ilikuwa na karatasi tatu. Huyu binti alisoma ya kwanza, akafika ya pili akaona viwango vya ada na mambo ya mikataba, akaniambia hapa ni habari za ofisi ya baba yake, akaenda ya tatu. Nami nikasema haya. Nilisikia kwamba baba yako haoni, nikasikia "niseme au ninyamaze," nikakujibu kuhusu macho. Jambo lenyewe nimelisikia jana. Kwa hiyo yale maneno kwamba huna kosa, nayarudisha. Unalo. Ni kosa la mtoto, lakini ni lako.

Ile hadithi ya suruali nayo nilikupa nusu. Mguu wa bluu niliuona kabla suruali haijatoka nyumbani. Nilikuwa nimekaa sakafuni natia uzi, nina miaka kumi na miwili. Nikanyamaza kwa heshima. Yule bwana aliirudisha mbele ya watu, akaitupa juu ya cherehani, na babu yako hakushona tena. Kama mwanawe angemwambia, angelia ndani ya nyumba yake. Kicheko chetu tulikianza miaka mingi baadaye, na sijui kama ni kicheko.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie baba yako. Usianze na mama yako wala mtu wa ofisini. Anza na yeye, kwa sababu sahihi ni yake. Na iwe kabla ya Ijumaa. Ningepiga simu, lakini angepokea yeye, na maneno haya hayapaswi kutoka kwangu. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi. Akifika stendi atamtuma mtu aje akuite uichukue.

Shangazi yako

Hii naongeza mimi mwenyewe ninayeandika. Shangazi amesema naweza. Ni mimi niliyeruka. Niliona yanachosha, na nilikuwa na mechi ya netiboli saa kumi. Jana aliponiambia nirudi kwenye karatasi ile niisome yote, nilipofika "sikutupa hata jicho," nilijiona mimi mwenyewe. Samahani.


24 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii natamka mimi, anaandika Mchwa, na huko itasomwa na binti wa fundi baiskeli. Mimi na wewe tumekuwa abiria. Nimemwambia mwanangu asilipambe neno langu hata moja.

Jumapili aliniambia. Sina la kumgombeza, kwa hiyo nakugombeza wewe. Miaka miwili unaniandikia mgongo unauma, nami nakujibu sijambo, nimetoka tu kusoma barua yako. Waongo wawili, tumbo moja.

Ijumaa nitasimama. Nimemwomba anisomee ukurasa ule mpaka niushike wote. Kufukuzwa nakuogopa, ada ya shule haingoji. Lakini zaidi naogopa ile dakika nitakaposema, watu wote wageuke kuniangalia, nami nisijue nyuso zao zinasemaje.

Mguu wa bluu umetufikia, Dada. Safari hii angalau nimeambiwa ndani ya nyumba.

Mdogo wako

(Amesema nisome yote tena kabla ya kufunga bahasha. Nimesoma. Mchwa.)


1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Na wewe binti wa fundi baiskeli unayeisoma hii kwa sauti, hujambo. Mechi mlishinda?

Nitaeleza kwa mpangilio. Barua yako niliisomea pale pale stendi, nimeegemea dirisha la tiketi mpaka mkata tiketi akaniuliza kama nasafiri au napamba ukuta. Nilipofika nyumbani Baba alikuwa kibarazani anapiga viatu vyake rangi. Mama alikuwa ndani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani, lakini yote ilipotea. Nikasema kuna ukurasa sikumsomea.

Aliuliza wa kampuni ipi. Nikamwambia. Akasema, "Soma."

Nakala nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono ile Jumapili ya kwanza na kuificha ndani ya riwaya. Nikaisoma. Akasema tena, nikasoma tena. Muda wote huo aliendelea kupiga brashi kiatu kile kile, na kile kingine kilibaki na vumbi. Halafu akasema, "Wewe umedanganya mara moja, kwenye la tisa. Mimi nimedanganya kila Jumatatu." Akaniomba nimwite Mama.

Mama alisikiliza amesimama mlangoni. Baba alipomaliza, Mama alimuuliza tu kama anadhani soksi zake hujipanga zenyewe kwa rangi. Alijua tangu mwaka jana. Alikuwa anamsubiri aseme, na Jumamosi alikuwa akichelewa kurudi makusudi ili tumalize. Kisha akaenda jikoni, na tulimsikia akisogeza sufuria ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

Baba alitaka kumwambia mkuu wake mapema, lakini mkuu wa idara alikuwa safarini mpaka asubuhi ya Ijumaa. Walionana kwenye korido dakika kumi kabla ya kikao, na alimwambia yote. Mama na mimi tulikuwa kwenye viti vya wananchi, nyuma kabisa, karibu na feni isiyozunguka. Mkuu aliingia amebana midomo, akakaa bila kutuangalia.

Mwenyekiti alisoma kichwa cha habari: kuhuisha mikataba ya kampuni kumi na moja za mawakili. Alikuwa ameshainua nyundo. Baba akanyoosha mkono. Alisimama ameshika karatasi mbele ya kifua, akatamka ukurasa wa pili wote, neno kwa neno, na mikato yake. Niliona karatasi ameishika kichwa chini. Nadhani ni mimi na Mama tu tulioona.

Diwani mmoja mwenye sauti nzito akasema kwamba taarifa iliyo mbele yake imeandikwa tamko limesomwa. Akataka kujua lilisomwa na nani. Baba akasema, "Halikusomwa. Mimi siwezi kusoma. Ni mwaka wa pili." Mtu mmoja alicheka, akidhani Bwana Mkato anatania. Alipogundua ni yeye peke yake anayecheka, alijifanya anakohoa. Baba alikuwa akigeuza kichwa taratibu, upande huu na upande huu, akitafuta nyuso zao kwa pembe za macho.

Waliamua hivi. Kampuni ya tisa haihuishwi, na irudishe faili la kiwanja cha zahanati. Zile kumi zingoje wiki mbili, matamko yote yasomwe upya ofisini mbele ya mashahidi wawili. Baba amepewa likizo wakati suala lake linaangaliwa. Mkuu alimwambia nje, mbele yetu, kwamba macho si kosa, lakini mafaili ya jiji kusomwa nyumbani ni kosa, na hawezi kumwahidi chochote. Akamuuliza nani alikuwa anamsomea. Baba alisema sahihi ni yake na hana jina lingine la kutoa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilitazama viatu vyangu. Shangazi, hilo nalo nakwambia, kwa sababu nimechoka kuacha kurasa.

Jana, Jumatatu, baada ya shule, nilikwenda idara ya sheria nikiwa na sare. Katibu muhtasi aliniuliza nimeleta ujumbe wa nani. Nikasema wangu. Mkuu alinipokea. Nilimwambia aliyesoma ni mimi. Matamko ya kampuni tano za kwanza niliyasoma yote, manne niliyapitisha bila kuyasoma, la kumi na la kumi na moja sikumbuki. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akaniomba nirudie mara mbili. Alinipa karatasi niandike hayo yote, nikaandika, nikatia sahihi na tarehe. Aliisoma mbele yangu polepole mpaka mwisho, akageuza na upande wa nyuma uliokuwa mtupu. Hakunisifu wala hakunigombeza. Alisema itawekwa kwenye faili la Baba.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Baba alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kwenye kiti chake cha Jumamosi, meza haina kitu. Nilimwambia nilikotoka. Aliniuliza yule mtu wa riwaya yangu bado ananing'inia dirishani, au ameshaanguka. Nikasema sijui, sijaifungua tangu siku ile.

Nikaenda kuileta. Sikufungua mia na sabini. Nilikaa, nikaanza na ule ukurasa wa mbele ambao watu huuruka, wenye jina la kiwanda cha uchapaji, anwani yake na mwaka. Nikamsomea wote kwa sauti, kisha nikageuza.

Mchwa